Chupa 25 za kingamwili za watu wengine: kisa cha mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa

Alfajiri ya Jumatatu, kijana wa miaka 34 anayenunua na kuuza mahindi sokoni Kibaigwa alishuka kitandani akahisi kama amevaa soksi, na hakuwa amevaa. Alhamisi hakuweza kusimama. Jumapili jioni, siku ya saba ukianzia Jumatatu ile, ndugu zake walimshusha mbele ya hospitali ninayofanyia kazi hapa Dodoma, mmoja kamshika kwapani, mwingine magotini, na kaka yake mkubwa anasema kwa sauti: "Ni kiharusi, dokta. Kimempiga pande zote mbili."

Mimi ni mfamasia, ingawa kwa ndugu wa wagonjwa kila mwenye koti jeupe ni dokta. Nakiandika kisa hiki kwa sababu ya dawa iliyotumika, imunoglobulini ya mshipani, yaani kingamwili zilizokusanywa kutoka damu ya watu wengi, ambayo wenyewe wodini tunaiita IVIG. Huja kwetu kwa nadra, ni ghali, na watu huitumainia kupita kazi inayoweza kufanya. Kuianza kulileta ubishi wa usiku mmoja tu. Kukataa kuirudia ndiko kulikotutoa jasho. Nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike.

Siku kumi na moja kabla ya ganzi kuanza, aliharisha kwa siku tatu, na homa na msokoto wa tumbo juu yake. Alikumbuka kuku wa kuchoma aliyekuwa bado na wekundu kwenye mfupa. Kuharisha kukaisha kwenyewe, akarudi sokoni. Miguu ilipoanza kufa ganzi, zahanati ilimpima malaria, haikuonekana, akachomwa sindano ya vitamini B. Siku ya tatu duka la dawa likampa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili. Siku ya tano akapelekwa kwa mganga, aliyesema amekanyaga kitu alichotegewa na mshindani wake wa biashara.

Simcheki mganga. Kijana mzima akipoteza miguu ndani ya siku nne, hakuanguka wala hakugongwa, nani asingetafuta adui? Kinachonisumbua zaidi ni zile prednisoloni. Ukiambiwa kwamba kinga ya mwili imegeuka kumshambulia mwenye mwili, unaona steroidi ndiyo dawa. Majaribio yamefanywa, na yameonyesha kwamba kwa ugonjwa huu, ambao baadaye tuliuthibitisha kuwa Guillain-Barré, yaani kinga ya mwili kushambulia mishipa ya fahamu, steroidi hazisaidii, na zile za kumeza huenda hata zikachelewesha nafuu. Tulizisimamisha usiku ule ule.

Daktari wa zamu alimkuta na miguu legevu kabisa, mikono iliyoanza kufuata, na uso uliolegea kidogo pande zote mbili, hata kufumba macho kwa nguvu hakuweza vizuri. Nyundo ya goti iligonga, mguu haukuruka. Kiharusi huchukua upande mmoja kwa ghafla, hakipandi taratibu kutoka nyayoni. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kingeacha mstari mwilini ambao chini yake hisia hupungua, na mara nyingi kingegusa mkojo, lakini mkojo wake ulikuwa sawa. Potasiamu ikishuka sana inaweza kumlaza mtu hivi hivi. Yake ilikuwa 4.1, ya kawaida. Sumu ya dawa za shambani ingemtoa mate na kumbana mboni za macho. Angekuwa mtoto wa chini ya miaka 15, tungetakiwa kutoa taarifa mara moja na kuchukua sampuli mbili za choo, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze, kwa ajili ya polio. Nalitaja hili kwa wenzangu walioko vituoni kwa sababu mwaka 2022 polio ya mwituni ilitangazwa Malawi, na huko si mbali.

Jumatatu alitolewa maji ya uti wa mgongo. Protini ilikuwa gramu 1.1 kwa lita, karibu mara mbili na nusu ya inavyotakiwa, na seli mbili tu. Protini juu, seli hakuna: picha hiyo hiyo waliieleza Guillain, Barré na Strohl mwaka 1916 kwa askari wawili wa Kifaransa. Hatukuotesha bakteria yeyote kutoka tumboni mwake, kwa hiyo siwezi kuapa, lakini kuharisha wiki moja au mbili kabla ya Guillain-Barré mara nyingi huwa ni kampilobakta, na kuku asiyeiva ni mmoja wa wabebaji wake wakubwa. Ganda la bakteria huyo lina sukari zinazofanana na zile zilizo juu ya mishipa yetu ya fahamu. Mwili hutengeneza kingamwili za kumpiga mgeni, kisha kingamwili zile zile zikakuta sura ya mgeni kwenye mishipa ya mwenyeji.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kilipotuangusha. Daktari aliwaambia ndugu: "Ugonjwa ni wa mishipa, na dawa yake inapita mshipani." Mama mzazi, aliyekuwa amenisalimia "Mbukwenyi" kwa upole wote wa Kigogo, akauliza kama mwanawe atapasuliwa, maana marehemu mumewe aliwahi kupasuliwa mshipa. Alikuwa anazungumzia ngiri. Neno moja limebeba mfereji wa damu, waya wa fahamu, msuli, na hata ugonjwa wa korodani! Nikaomba karatasi, nikachora mistari miwili: huu wa damu, dawa inapita hapa, huu wa fahamu, ugonjwa uko hapa.

Kaka akaelewa haraka, na akaelewa zaidi ya nilivyokusudia. Aliposikia kwamba dawa imetokana na damu ya watu, akatoka nje. Asubuhi alirudi na wanaume wanane wa ukoo. "Tumekuja kutoa, dokta. Sote baba mmoja, na mimi na yeye kundi moja, A. Ya nini kununua kwa mamilioni kitu tunacho?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na wanafunzi. Ndugu wamezoea kurudishia damu mgonjwa anapoongezewa, kwa nini hii iwe tofauti? Nilimjibu hivi. Damu ukiiacha itulie, chembe nyekundu huzama na juu hubaki maji ya rangi ya mkojo mwepesi, yaani plazma. Ndani yake kuna kingamwili za kila ugonjwa ambao mtu huyo amewahi kukutana nao. IVIG hutengenezwa kwa plazma ya watu wasiopungua 1,000, mara nyingi makumi ya maelfu, iliyochanganywa pamoja. Kiwandani hutenganishwa kwa alkoholi baridi, mbinu iliyozaliwa Marekani miaka ya 1940, kisha hupitishwa kwenye hatua kadhaa za kuua na kuchuja virusi. Kinachobaki ni imunoglobulini G karibu tupu. Dozi yake mdogo wako ni gramu 125. Mtu mzima ana takriban gramu 10 kwa lita ya plazma, na lita tatu hivi za plazma mwilini mwake. Kuifikia, ingebidi wanne au watano kati yenu mkamuliwe mkauke kabisa, na hapa Dodoma hatuna kiwanda cha kuitenga.

Akauliza la pili, lililo gumu zaidi: kama kingamwili ndizo zilizomlaza, kwa nini tumwongezee nyingine?

Mgonjwa mwenyewe alikuwa anasikiliza, kwa hiyo nilimjibu yeye, kwa lugha ya soko lake. Kingamwili ya kawaida huishi wiki tatu hivi kabla ya nusu yake kupotea, muda mrefu kwa protini ya damuni, kwa sababu seli za kuta za mishipa ya damu zina vipokezi vinavyoziokoa zisiyeyushwe. Chukulia vipokezi hivyo ni maghala ya Kibaigwa. Kwa siku ya kawaida kila gunia lina nafasi. Siku moja yanaingia malori mia ya mahindi ya watu wengine. Maghala ni yale yale. Magunia mengi yanabaki nje yanyeshewe, na miongoni mwake yapo yale mabovu yako. Dawa haichagui kingamwili mbaya, inajaza nafasi tu, na zote huoza haraka zaidi, mbaya zikiwemo. Akacheka upande mmoja wa mdomo, upande uliokuwa bado unaweza.

Hiyo ni njia moja. Kingamwili ina umbo la herufi Y, mikono miwili na mkia. Mkia ndio unaoita seli walaji zije kula kilichoshikwa. Mikia mingi ya wageni ikishazishughulisha, seli hizo hazifiki kwenye mshipa wa fahamu kwa urahisi. Dawa pia hunasa vipande vya komplimenti, protini za damuni zinazotoboa ganda la mishipa, na ndani ya mchanganyiko wa maelfu ya watu zimo kingamwili zinazoshika kingamwili nyingine na kuzifunga. Njia ipi inafanya kazi kubwa zaidi kwa Guillain-Barré, wanasayansi bado wanabishana. Nami napenda dawa ambayo watu waliona inafanya kazi kabla ya kujua sababu. Mwaka 1952 Bruton, daktari wa jeshi la Marekani, alimchoma globulini chini ya ngozi mtoto wa miaka minane asiyekuwa na kingamwili kabisa, na maambukizi yaliyokuwa yakimrudia yakakoma. Mwaka 1981 kule Bern, Uswisi, Imbach na wenzake waliwapa IVIG watoto ambao chembe sahani zao, zile za kugandisha damu, zilikuwa zinaliwa na kinga yao wenyewe, na chembe hizo zikapanda ndani ya siku chache. Kipimo walichotumia, gramu 0.4 kwa kilo kwa siku tano, ndicho nilichokuwa nakikokotoa mimi Dodoma zaidi ya miaka arobaini baadaye.

Mwaka 1992 jaribio la Uholanzi lilionyesha kwamba kwa Guillain-Barré IVIG inafaa angalau sawa na kubadilisha plazma kwa mashine, ikianzwa ndani ya wiki mbili kwa mtu asiyeweza kutembea peke yake. Sisi tulikuwa siku ya nane. Kwenye karatasi tuliandika pia njia ya akiba kama fedha ingekosekana: kubadilisha plazma kidogo kidogo kitandani kwa mifuko ya damu na mvutano wa dunia, bila mashine, kama walivyojaribu Bangladesh kwa wagonjwa 20 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Hatukuihitaji. Ukoo uliuza mahindi yaliyokuwa ghalani kwa bei ya hasara.

Hesabu: kilo 62 mara 0.4 ni gramu 24.8. Nikakaza kuwa 25, chupa tano za gramu tano kila siku, jumla chupa 25. Shangazi yake aliyeko Dar es Salaam alizinunua huko na kupanda nazo treni ya mchongoko, sanduku la baridi mapajani. Hapo nilipata hofu yangu kubwa. Dawa hii hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na ikiganda haitumiki tena, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Shangazi, kwa upendo, alikuwa amelundika barafu juu ya chupa. Kwa bahati yule muuzaji alifunga chupa kwa magazeti na kuweka kipimajoto, kikasoma 4. Nilimwambia shangazi ahsante, kisha nikaenda stoo kukaa chini kidogo.

Jumatano, siku ya kumi, tukaanza. Kabla yake tulipima figo, wingi wa damu, na vipimo vya homa ya ini, kwa sababu baada ya dawa hii kingamwili za wachangiaji zinaweza kukufanya usome majibu ambayo si ya mgonjwa. Akapewa maji ya chumvi, na heparini chini ya ngozi kwa kuwa mtu asiyesogeza miguu huganda damu, na dawa yenyewe huongeza hatari hiyo. Hatukuwa na pampu ya bure siku hiyo. Mililita 31 kwa saa kwa nusu saa ya kwanza, ukitumia mpira wa matone 20 kwa mililita, ni matone 10 kwa dakika. Nesi alihesabu kwa saa ya mkononi. Chupa ni ya kioo, kwa hiyo mpira uwe na tundu la hewa, na asitikise mtu, maana inatoa povu kama sabuni.

Siku ya pili saa nane mchana niliitwa. Mgonjwa anatetemeka, kichwa kinampasuka, homa 38.4. Kumbe kaka alikaa na chupa ile kwa saa mbili, akaona matone yanachelewa, akasogeza kigurudumu. "Nilitaka imfikie upesi," alisema, na macho yake hayakuinuka. Tulifunga, tukampa parasetamoli, daktari akampima shingo kama imekakamaa, maana dawa hii inaweza kuwasha utando wa ubongo bila kuwepo vijidudu. Shingo ilikuwa laini. Baada ya saa moja tukaendelea kwa matone 10, na kigurudumu kikafungwa plasta yenye maandishi USIGUSE.

Wakati huo kazi ya kweli ya kumwokoa ilikuwa inafanyika pembeni, haina chupa wala risiti. Kila baada ya saa nne nesi alimwambia avute pumzi hadi mwisho na ahesabu kwa pumzi hiyo moja, huku akigonga kidole kitandani ili kasi isibadilike. Jumapili alifika 31. Jumatatu 27. Jumatano 22. Ijumaa 17, na hapo akahamishiwa chumba cha uangalizi maalumu, mashine ya kupumulia ikawekwa tayari pembeni yake. Kati ya wagonjwa watano wa ugonjwa huu, mmoja au zaidi huishia kwenye mashine hiyo, na kinachoua ni kugundua saa tisa usiku, midomo ikiwa imeshageuka rangi. Jumamosi 16. Jumapili, chupa ya 25 ilipokwisha, 16 tena. Jumatatu 18. Mashine haikuwashwa.

Kisha wiki nzima ikapita bila mguu kuinuka.

Siku ya 22 kaka alikuja ofisini kwangu na bahasha. Shamba lilikuwa limepata mnunuzi. "Dokta, nusu ya dawa imefanya kazi. Tumalizie." Shangazi alishaongea na muuzaji. Na daktari mmoja kijana, tena mwenye nia njema, alikuwa amewaambia kwamba "wengine hurudia".

Ni kweli wengine hurudia, na ni muhimu kujua ni kina nani. Mtoto aliyezaliwa bila kingamwili hupewa kila wiki tatu au nne maisha yake yote, kwa sababu anajaziwa kilichopungua. Mwenye Guillain-Barré aliyeanza kupata nafuu kisha akadidimia tena, madaktari wengi humrudishia dozi. Huyu wetu hakudidimia. Alisimama pale pale. Dawa huzuia moto usiendelee kula, haijengi nyumba iliyoungua. Ganda la mshipa wa fahamu hujijenga upya kwa wiki, na waya wenyewe ukiwa umekatika hukua kwa takriban milimita moja kwa siku. Kutoka kiunoni hadi nyayoni piga hesabu mwenyewe. Na swali hili limeshajaribiwa: mwaka 2021 Waholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 93 waliokuwa na dalili za kupona vibaya, nusu wakapewa dozi ya pili na nusu dawa bandia. Dozi ya pili haikuwafikisha popote zaidi, na madhara makubwa, yakiwemo ya damu kuganda, yalikuwa mengi zaidi kwao.

Nilikuwa na sababu nyingine, ya mtu huyu mwenyewe. Hemoglobini yake ilikuwa imeshuka kutoka 14.1 hadi 11.9, na kipimo cha Coombs, kinachoonyesha kingamwili zilizoshika chembe nyekundu, kilikuwa chanya. Katika plazma ya maelfu ya watu wamo wengi wa kundi O, na kingamwili zao hushambulia chembe nyekundu za A. Kundi lile lile ambalo kaka alilileta kama hoja ya kuchangia ndilo lililokuwa linamgharimu mdogo wake. Gramu nyingine 125 zingeichimba zaidi.

Nikasema hapana, daktari bingwa akasema hapana, na kwa siku tatu kaka hakunisalimia. Sikumlaumu. Kwake yeye, aliyekataa dawa ni sawa na aliyekataa ndugu. Mama ndiye aliyetusaidia. Aliuliza swali moja tu: "Hiyo fedha ikibaki, kuna kitu kingine kitamfaa?" Kilikuwepo. Chumba cha kupanga karibu na hospitali, ili afike kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo mara tano kwa wiki badala ya kusafiri kutoka Kibaigwa, godoro la kuzuia vidonda, na fremu ya kusimamia.

Wiki ya sita alisimama kwenye fremu, magoti yakigongana. Hemoglobini ilikuwa imerudi 13.2. Mwezi wa nne alikuja kliniki na fimbo, kaka nyuma yake, ambaye sasa alinisalimia. Shamba halikuuzwa. Nyundo ya kifundo cha mguu bado haijibu, nyayo bado zina zile soksi, na hawezi kukanyaga klachi ya lori. Nesi wa wodini alipomwona kwenye korido alimwambia avute pumzi ahesabu, kwa utani. Akafika 44, akaishiwa, akaomba arudie.